Herufi ya Namba Haikwambii Umri wa Gari

"Namba E hiyo dada, gari mpya kabisa."

Dalali aliyasema hayo huku akipangusa bampa ya Toyota IST ya rangi ya fedha, kwenye yadi moja ya Kinondoni, Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza jua likiwa limeshachoma. Dada yangu alinigeukia. Fedha ya gari alikuwa ameikusanya kwa miaka minne, nyingine ya mshahara, nyingine ya kikoba, na muda wote huo alikuwa anasema atanunua namba E ili asije akaishi gereji. Nikamwomba dalali anifungulie mlango wa dereva. Nikauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Chini kabisa, karibu na sakafu, mkanda wa gari la Kijapani huwa na lebo ndogo yenye mwaka wa kutengenezwa. Huu uliandikwa 2005.

Dalali hakuwa amesema uongo wa moja kwa moja. Namba ilikuwa E kweli, na ilikuwa mpya kweli. Gari ndilo lililokuwa na umri wa mtu mzima. Tangu siku ile nimewasindikiza ndugu na marafiki kadhaa kununua magari hapa Dar es Salaam, na karibu kila mara mtego huwa pale pale: tunanunua herufi, halafu tunashangaa bati na injini vinapodai umri wao.

Tuanze na hiyo herufi. Namba za magari ya Tanzania Bara zina T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Herufi hizo husogea kadiri magari yanavyosajiliwa. Ya mwisho inabadilika haraka, ya katikati taratibu, ya kwanza inakaa miaka. Ndiyo maana mtaani tunasema namba A, B, C, D, na sasa E. Lakini namba hutolewa siku gari linaposajiliwa TRA, mamlaka ya mapato, si siku lilipotoka kiwandani. IST mbili zinaweza kuzaliwa Japani mwezi mmoja. Moja ikaletwa mapema ikapewa namba C, nyingine ikabaki kwao ikizunguka mitaa ya Osaka, ikaja kupewa namba E juzi. Ni pacha. Sokoni kwetu lakini zinatofautiana kwa mamilioni.

Sisemi herufi haina maana. Inakwambia jambo moja muhimu: gari limekaa muda gani kwenye barabara zetu, mikononi mwa mafundi wetu, likinywa oili zetu. Gari lenye miaka miwili ya mashimo ya Goba si sawa na lenye miaka kumi na miwili. Na hata ndani ya herufi moja kuna umbali mrefu. Namba inayoanza na DA na inayoanza na DY zote huitwa namba D, ila kati yake imepita miaka. Kwa hiyo herufi ni umri wa gari hapa nchini. Umri wa gari lenyewe uko kwenye kadi ya usajili, panapoandikwa mwaka wa kutengenezwa, na gari lina mashahidi wake wa kuithibitisha au kuikanusha kadi hiyo.

Mkanda ni shahidi wa kwanza, na usitazame mmoja tu. Vuta yote. Mitatu ikisema 2005 na mmoja ukisema 2011, huo mmoja ulibadilishwa, na mkanda hubadilishwa kwa sababu fulani, mara nyingi baada ya ajali. Shahidi wa pili ni kibandiko cha oili. Gereji za Japani zinapobadilisha oili huwa zinabandika karatasi ndogo kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, ikiwa na tarehe na kilomita. Imeandikwa Kijapani, hivyo hapa wengi hawaijali, wala hawahangaiki kuibandua. Maneno hutayasoma, lakini tarakimu ni zile zile. Ugumu mdogo upo kwenye mwaka: Wajapani huandika mara nyingi kwa kalenda ya enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo ukiona mwaka wa 27 unajumlisha 1988 unapata 2015. Enzi ya Reiwa ilianza 2019, ukiona mwaka wa 3 unajumlisha 2018 unapata 2021.

Kwenye ile IST ya fedha niliinamia fremu ya mlango. Kibandiko kilikuwepo, kimefifia pembeni, kimesomeka katikati: 27.8.19, na chini yake 112,400. Yaani Agosti 2015 gari lilikuwa limeshatembea kilomita laki moja na elfu kumi na mbili na ushee. Nikainuka nikatazama dashibodi. Ilionyesha 86,310.

"Hicho kibandiko labda cha gari nyingine, bosi," dalali akasema kwa sauti ya chini.

Nani alirudisha kilomita hizo na wapi, pale hapakuwa na wa kutujibu. Dashibodi za kisasa zinachezewa kwa kompyuta kwa dakika chache, na gari hupita mikono mingi kabla ya kufika Kinondoni. Kwa mnunuzi haijalishi nani alifanya. Kilomita zikishapungua ina maana ratiba yote ya matunzo imevurugika, na huwezi kujua kipi kimefikia muda wake. Pasipokuwa na kibandiko, angalia vitu ambavyo mtu hasumbuki kuvibadilisha: mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani upande wa mkono wa kulia, ukingo wa kiti cha dereva pale mtu anaposhukia. Gari la kilomita elfu sitini haliwi na pedali iliyolika mpaka chuma kikaonekana.

Sasa, kwa nini gari la 2005 linakuja kupewa namba mpya leo? Jibu liko Japani na liko bandarini kwetu. Kule gari jipya hukaguliwa na serikali likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo pamoja na matengenezo yake ni gharama. Mwenye gari la miaka kumi na tano huona ni afadhali aliuze. Kwetu linapofika, kodi inapigwa kwa tabaka, na hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

TRA hawaangalii tu risiti uliyokuja nayo. Wana mfumo wao wa kuthamini magari yaliyotumika, uko mtandaoni, unaingiza aina ya gari na mwaka unapata makadirio. Juu ya thamani hiyo, pamoja na usafiri na bima ya meli, unalipa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Unafuata ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: mpaka cc 1000 hakuna, kuanzia 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni asilimia 10. Kisha kuna ule tunaouita wa uchakavu: gari dogo likifikisha miaka minane tangu kutengenezwa linaongezewa asilimia 15, likipita kumi linaongezewa asilimia 30. Mwisho VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya jumla ya hivyo vyote. Zipo tozo nyingine ndogo ndogo, na viwango huweza kuguswa kwenye bajeti, ambayo huanza kutumika Julai, hivyo hakikisha vya mwaka wako.

Chukua mfano wa gari la cc 1490 lililozidi miaka kumi, tuseme limethaminiwa milioni 6 likiwa bandarini. Forodha ni milioni 1.5, jumla 7.5. Injini asilimia 5 ni 375,000. Uchakavu asilimia 30 ni 2,250,000. Tumefika 10,125,000. VAT yake ni 1,822,500. Kodi peke yake imefika karibu milioni 6, sawa na gari lenyewe. Unaponunua namba E kwenye yadi, sehemu kubwa ya fedha yako inamrudishia mwagizaji kodi aliyolipa juzi, na ndani yake mna adhabu ya uzee. Kodi haiongezi nguvu ya injini. Haibadilishi bushi. Gari likikaa hapa nchini miaka michache, soko linaanza kuisahau kodi hiyo na bei inashuka, lakini bati ni lile lile.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu, na wapo watakaonipinga. Kwa mtu mwenye bajeti ya kawaida, namba D ya mwishomwishoni, kutoka kwa mtu binafsi aliyeitunza, mara nyingi ina thamani kuliko namba E ya mwaka ule ule wa kutengenezwa. Unanunua chuma zaidi na kodi kidogo. Tena mwenye gari anaweza kukueleza alibadilisha nini na lini, wakati yadi inakueleza rangi.

Kuagiza mwenyewe nako kuna faida yake. Magari mengi ya Japani hupita mnadani, na mnadani kuna karatasi ya ukaguzi yenye alama: 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 limechoka kiasi, R ni gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Mwombe muuzaji karatasi hiyo kabla hujatuma hata shilingi. Akikwepa, umeshapata jibu. Ila kuagiza ni kununua kwa picha na kusubiri meli, na fedha ya kodi lazima uwe nayo mkononi gari linapotia nanga, kwa sababu likikaa bandarini tozo za uhifadhi zinahesabiwa kwa siku. Nimeona mtu akikopa kwa riba kubwa kukomboa gari lake mwenyewe. Usifike huko.

Kabla ya kwenda kutazama gari lolote, amua aina. Hapa nitakuwa mfupi: nunua gari ambalo spea zake zimejaa Kariakoo na fundi wa mtaani kwako amelifungua mara mia. Uliza injini. Kwenye Noah na RAV4 za miaka ya 2000 mwanzoni utasikia swali la "D4 au VVT-i?", na si swali la ushamba. D4, tofauti na VVT-i ya kawaida, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na mfumo wake wa pampu na nozeli hauna uvumilivu na mafuta machafu. Uliza pia gia boksi. Ikiwa ni CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, jua kwamba ina mafuta yake maalumu, na nyingi zimekufa kwa sababu fundi alimimina mafuta ya gia boksi ya kawaida. Muuzaji wa CVT asiyejua mafuta gani yaliwekwa mara ya mwisho amekwambia mengi.

Dada yangu aliachana na ile IST. Wiki tatu baadaye tulipata tangazo la nyingine, namba D, kwa mwalimu mmoja Tabata. Tangazo lilikuwa na maneno yale yale ya kila siku: full AC, haijapigwa pasi, injini haijaguswa, haidai hata mia, maongezi yapo. Nikampigia nikamwomba jambo moja: tukija asubuhi tukute gari halijawashwa.

Injini ya baridi haifichi mengi. Ukiwasha baada ya usiku mzima, sikiliza sekunde kumi za kwanza. Mgongano wa chuma unaotoweka oili ikipanda ni dalili ya uchakavu. Mtu asimame nyuma atazame moshi: wa bluu ni oili inaungua, mweupe mzito usiokwisha injini ikishapata moto ni maji yanaingia pasipotakiwa. Fungua kifuniko cha oili. Chini yake pakiwa na utelezi wa rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda inavujisha. Kabla injini haijapata moto, na kabla tu, fungua rejeta. Inatakiwa kuwa na kulanti yenye rangi yake, ya kijani au ya pinki. Ukikuta maji ya bomba yenye kutu, kuna swali la pili la kuuliza: themostati ipo? Kwa joto la Dar mafundi wengi gari likichemsha wanatoa themostati na kumwambia mwenye gari kwamba limepona. Halijapona. Fundi ameficha ugonjwa, injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta, na sababu ya kuchemsha bado ipo pale. Dalili yake ni gari linalochukua muda mrefu mno kufika joto la kawaida, kisha kwenye foleni mshale unapanda.

Kwa hiyo jaribio la gari si kuzunguka mtaa mara moja. Washa AC mpaka mwisho, ingia kwenye foleni halisi, kaa nusu saa. Tulikwenda na ile ya mwalimu mpaka Ubungo jioni, pale magari yanapojazana kuelekea Kimara, AC ikiwaka, macho yangu kwenye mshale. Haukutikisika. Halafu tukatafuta barabara ya vumbi yenye mabonde. Zima redio, fungua kioo, sikiliza miguu ya mbele. Shokapu, bushi na boli joint huimba kila moja kwa sauti yake, na fundi mzuri anazitambua akiwa amekaa kiti cha nyuma.

Mchukue fundi wako, si wa muuzaji, na umlipe iwe mmenunua au hamkununua. Fundi anayelipwa tu gari likinunuliwa atataka linunuliwe. Awe na kile kifaa cha kusomea kompyuta ya gari. Na kabla hujawasha, geuza ufunguo mpaka hatua ya mwisho kabla ya kuwasha uone kama taa ya injini inawaka kwenye dashibodi kisha izimike injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, huenda balbu ilitolewa ili isiseme.

Kwa bodi, macho ya mchana na mkono vinatosha. Tazama nafasi kati ya boneti na mataa, kulia na kushoto, zilingane. Bolti zinazoshika mbawa za mbele rangi yake ikiwa imechubuka, zimewahi kufunguliwa. Gonga bati kwa vidole: bati tupu linalia, puti iliyojazia mkunjo inanyamaza. Kurudia rangi si dhambi, mwalimu wetu alikuwa amerudia bampa na alituambia kabla hatujauliza. Tatizo ni puti inayofika kwenye nguzo za mlango au kwenye chasisi. Hapo gari lilikunjwa.

Sasa maji. Dar kila masika tunaona magari yakiwa yamezama, Jangwani na bonde lote la Msimbazi, na mitaa mingine isiyo na mifereji. Magari hayo hayapotei. Yanakaushwa, yanaoshwa, yanapuliziwa marashi, yanauzwa. Yapo pia yanayokuja na mafuriko ya kwao. Gari lililolala majini linaweza kuwaka vizuri leo na kuanza kufa miezi sita baadaye, umeme mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kutu inatembea ndani ya waya na soketi.

Niliinua zulia upande wa abiria nikaingiza mkono mpaka kwenye sponji ya chini. Ilikuwa kavu, yenye vumbi la kawaida. Ingekuwa na tope laini, la unga unaobaki kwenye kidole kama poda, tungeondoka pale pale. Angalia reli za kiti: kutu ya chungwa kwenye reli na bolti zilizo ndani ya gari haina sababu nyingine ya kawaida. Ule mkanda ulioutazama mwaka, utazame tena mwisho wake, maji huacha mstari wa uchafu pale. Fungua shimo la tairi la spea kule nyuma. Na ukiingia ndani ya gari ukapokewa na manukato makali, kaa dakika kumi vioo vikiwa vimefungwa ili pua izoee manukato na isikie kilicho chini yake.

Gari likishapita, bado hujanunua. Imebaki nusu ya pili, ambayo ndiyo imewaliza watu wengi ninaowajua kuliko injini mbovu: karatasi.

Shika kadi halisi, si nakala, si picha ya WhatsApp. Linganisha namba ya chasisi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bati. Kwenye Toyota nyingi ndogo iko kwenye ukuta kati ya injini na kioo cha mbele. Pitisha kidole. Herufi zisizo na mstari mmoja, rangi mpya pale tu na kwingine kuukuu, au alama ya kuchomelea, acha gari hilo hata likipunguzwa bei nusu. Kisha namba ya injini. Hapa watu wengi wema hunaswa, kwa sababu injini za mtumba ni rahisi kupatikana, mtu amebadilisha injini miaka mitatu iliyopita na hakwenda TRA kuirekebisha kadi. Gari si la wizi, lakini karatasi haifanani na chuma, na usumbufu huo utakuwa wako siku ya kuhamisha umiliki. Arekebishe yeye kwanza.

Jina kwenye kadi linatakiwa kuwa la mtu aliye mbele yako, mwenye kitambulisho chake cha NIDA. Ukikuta jina la mtu wa tatu, utaonyeshwa mkataba, au mikataba miwili imebanwa pini: Juma aliuza kwa Asha, Asha akauza kwa huyu. Hiyo ni hali ya kawaida mno hapa mjini, watu hukwepa gharama ya kuhamisha. Maana yake ni kwamba mbele ya TRA gari bado ni la Juma. Akifariki, gari linaingia kwenye mirathi yake. Akidaiwa, mdai wake analiona. Ukiuziwa na mtoto wa marehemu, asiye msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama hana uwezo wa kukuuzia, hata kama funguo anazo na huruma unayo.

Kadi yenye majina mawili, la mtu na la benki, ni ya gari lililo kwenye mkopo, na halihami bila benki kuachia. Siku hizi mikopo ya kuweka kadi imejaa kila kona. Mkopeshaji hushika kadi halisi, na wengine hufunga kifaa cha kufuatilia gari. Muuzaji akikwambia kadi ilipotea, anayo nakala mpya na ripoti ya polisi, chunguza mara mbili, maana kadi "iliyopotea" inaweza kuwa kwenye kabati la mkopeshaji. Mwambie fundi wa umeme apekue chini ya dashibodi akute kama kuna kifaa ambacho mwenye gari hawezi kukielezea. Na gari lililoingia nchini kwa msamaha wa kodi, la mradi au la mtumishi aliyepewa nafuu, hufuatwa na kodi ile likiuzwa kwa asiye na msamaha. Uliza TRA kwa namba ya gari kabla ya kulipa.

"Haidai hata mia" unaithibitisha kwa simu yako mwenyewe. Faini za usalama barabarani zinaonekana kwenye mfumo wa polisi, TMS, kwa namba ya gari. Faini moja ya kawaida ni shilingi 30,000, lakini nimeona gari la biashara ya kubeba abiria likiwa na rundo lake. Maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, nayo yana mfumo wake, na deni lake linafuata namba ya gari, halimfuati dereva. Bima unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Mwalimu wetu alikuwa na faini mbili asizozijua na maegesho ya Posta ya miezi mitano. Aliona haya, akalipa mbele yetu, tukasubiri mpaka mfumo ukasafika.

Malipo yafanyike ofisini kwa wakili, baada ya mkataba wa mauziano kusainiwa, kwa uhamisho wa benki kwenda akaunti yenye jina lile lile la kwenye kadi. Dalali akitaka fedha ipitie kwake, kataa kwa upole na usibadilike. Chake cha juu alishakiweka kwenye bei, na bei ya mwenye gari utaijua tu mkikaa wote watatu. Muuzaji asiondoke bila kukuachia nakala ya kitambulisho, TIN (namba ya mlipakodi) na picha, kwa sababu TRA watavihitaji, na kumtafuta mtu aliyeshakula fedha ni kazi. Kuhamisha umiliki ni shilingi 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia moja ya thamani ya gari. Kwa gari la milioni 11 hiyo ni jumla ya 170,000. Watu wanaokwepa kiasi hiki ndio hao wenye mikataba iliyobanwa pini.

Usimalize fedha yote kwenye bei. Dada yangu alibakiza kama sehemu moja ya kumi, na nilimsihi asiiguse kwa ajili ya redio wala rimu. Tarehe ya tairi nilimwonyesha mwenyewe: tarakimu nne ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Za mwalimu zilisomeka 1416, wiki ya kumi na nne ya 2016. Kashata zilikuwa bado nene, mpira umekakamaa kama plastiki. Hizo zilikwenda.

Kadi ilitoka ikiwa na jina la dada yangu, mwaka wa kutengenezwa 2006, sawasawa na mikanda yote minne. Aliisoma mara mbili pale nje ya ofisi, akaiweka kwenye bahasha, bahasha kwenye mkoba. Kisha tukaendesha moja kwa moja mpaka kwa fundi kumwaga oili ya injini na ya gia boksi, na fundi alipomaliza dada yangu akamwomba kalamu, akaandika tarehe na kilomita kwenye kipande cha karatasi, akakibandika kwenye fremu ya mlango wa dereva.